Mama Amesahau Majina Yetu, Hajausahau Mnavu



Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwingineko pwani wametuuliza mara kadhaa kwa nini makala zetu kutoka Kisumu zimekuwa zikichelewa, na nyingine zikakosa kufika kabisa. Tulikuwa tukijibu kwamba ni shughuli. Juma hili tumeona ni heri tuitaje shughuli yenyewe, kwa kuwa twajua imo katika nyumba nyingi za wasomaji hawa, na aghalabu husemwa kwa sauti ya chini, jikoni, baina ya wanawake.

Mama yetu mzazi ana maradhi ya kusahau, yale ambayo madaktari huyaita dimensia.

Mama ni mzaliwa wa Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba, mji mdogo wa bandari wenye Waislamu wa tangu zamani. Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa Mombasa aliyeletwa huku na kazi ya reli, reli ile ile iliyofika ufuoni mwa ziwa mwaka 1901, na mama alivushwa kwa meli kuja Kisumu akiwa bibi harusi. Kiswahili alijifunza nyumbani kwa mumewe. Akakisema kwa ufasaha hata wageni kutoka pwani wakadhani ni mtu wa kwao, na sisi watoto tukalelewa kwa Kiswahili tupu. Kijaluo tulikiokota barabarani na sokoni, kile cha kununulia samaki. Hili la lugha tumelitanguliza kwa sababu litarudi.

Dalili zilianza Ramadhani ya mwaka 2021. Usiku mmoja alipika daku, tukala, akaosha vyombo, kisha akaingia jikoni tena akapika daku ya pili. Tukacheka, naye akacheka. Mwezi haujaisha akapotea njiani akitoka soko la Kibuye, njia aliyoipita kwa miaka zaidi ya arubaini, akapatikana Kondele ameketi kwenye ngazi ya duka na kikapu chake mapajani. Tulisema ni uzee. Mzee mmoja wa jirani akasema ni jini la ziwani. Tulimsomea, na hatujutii kumsomea, kwa kuwa Qur'ani ni shifaa na dua haiachwi kwa mgonjwa yeyote. Tunachojutia ni kwamba kwa mwaka mzima hatukufanya lingine.

Hapa tuseme neno kwa ndugu zetu wa pwani hasa. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huku kwetu magharibi, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wa watu huko Marani, kaunti ya Kisii, kwa tuhuma hizo hizo. Fikirini ajuza anayetoka nje usiku wa manane, anayezungumza na watu waliokufa, asiyeweza kueleza amefikaje kwenye ua wa jirani. Hizo ndizo dalili za maradhi haya, moja baada ya moja. Mtu anayesema mbele za watu kwamba bibi fulani ana mambo, huenda anamhukumu kifo mgonjwa.

Tulipompeleka hospitali kuu ya mji, ile ambayo watu wa Kisumu hadi leo huiita Russia, daktari alianza kwa kumtoa damu, kwa sababu upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, hata sonona, huweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na akili, na hayo yana tiba. Kisha akampa karatasi na kalamu, akamwomba achore uso wa saa. Mama alichora duara zuri kabisa, halafu tarakimu zote akazirundika upande mmoja. Tulikaa kimya tukiitazama saa ile. Daktari akatueleza kwamba ubongo wenyewe unaugua, kwamba aina iliyo kubwa zaidi huitwa Alzheimer, kwamba zipo dawa za kupunguza baadhi ya dalili kwa baadhi ya watu, lakini ya kuurudisha ubongo ulivyokuwa bado haijapatikana. Shirika la Afya Duniani limehesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye maradhi ya namna hii, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi kama zetu.

Tukarudi nyumbani, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo tumelichelewesha kulisema kwa sababu linatuaibisha.

Tulimkabidhi mama kwa ahali yetu. Hatukutamka. Ilikuwa tu hivyo, kama inavyokuwa kwa wanaume wengi: sisi tukaenda madrasa, msikitini, kwenye ndoa na maziko, naye akabaki na mama. Akamwogesha, akamlisha, akamfuata mlangoni kila jioni mama alipotaka kwenda "nyumbani" Kendu Bay kwa mama yake aliyekufa miaka mingi iliyopita. Dada zetu walio Mombasa wakatuma pesa kwa M-Pesa, Allah awalipe, na pamoja na pesa wakatuma maelekezo. Ijumaa moja tulitoa khutba juu ya haki za wazazi. Watu walilia. Tuliporudi nyumbani ahali yetu alikuwa ameketi sakafuni, kanga yake imelowa, anafua mashuka kwa mara ya tatu siku ile. Akasema, bila ya ukali, "Maalim, wanasema khutba yako ilikuwa nzuri sana. Ulipokuwa ukiitoa, mama alikuwa na nani?"

Sisi ni watu wa madhehebu ya Shafii, na mas-ala haya tumeyasomesha vijana kwa miaka. Kumhudumia mzazi ni wajibu wa mwanawe. Mke hana wajibu wa kumtumikia mama wa mumewe. Akifanya, ni ihsani kutoka kwake, naye hushukuriwa kama anavyoshukuriwa mtu aliyekufadhili. Tulilijua jambo hili kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Tukaanza kupunguza darasa za jioni, na kuanzia alasiri hadi isha mama akawa wetu. Ndiyo maana makala zinachelewa.

Bustani ilizaliwa kwa sababu duni. Nepi za watu wazima ni ghali, nasi tulitaka kuokoa pesa za mboga. Nyumba yetu iko Nyalenda, si mbali na Dunga, mahali ambapo udongo ni mweusi, wa kunata kama ugali mvua ikinyesha na wa kupasuka nyufa jua likiwaka. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa hatua kumi kwa sita. Tukalima matuta manne, tukapanda miche ya sukuma wiki na kabeji, mistari iliyonyooka, tukajiona wakulima. Mama tulimwekea kiti kivulini ili tuweze kumwona.

Siku ya kumi na mbili tuliingia ndani kupokea simu. Tulipotoka, mama alikuwa ameing'oa miche yote ya sukuma wiki, mche kwa mche, na kuipanga vizuri kando ya tuta kama mtu aliyemaliza kazi ya palizi.

Tulimpigia kelele. Aya ya 23 ya Surat al-Israa inatukataza hata lile neno dogo la kuonyesha kuchoshwa na mzazi aliyefikia uzee mikononi mwetu, nasi siku ile tulisema maneno mengi kuliko hilo. Mama alitutazama kama mtoto aliyepigwa bila kujua kosa. Kisha akaanza kulia, na baada ya dakika chache akasahau kwa nini analia, lakini hakuacha kulia. Madaktari wanasema mgonjwa wa namna hii husahau tukio na hisia yake ikabaki. Tunathibitisha.

Ahali yetu ndiye aliyeona kile ambacho hatukukiona. Katikati ya matuta ile miche ya mnavu iliyojiotea yenyewe, ambayo sisi tulikuwa tunaiita magugu, ilikuwa imesimama salama. Mama hakuigusa hata mmoja. Alikuwa amepalilia kwa hesabu ya utotoni mwake: mboga ameiacha, mgeni amemng'oa.

Tuliketi karibu yake tukamwonyesha mnavu, tukamuuliza ni nini. Akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Osuga," akasema, kwa sauti ya mtu anayemjibu mjinga. Kiswahili kilikuwa kimeanza kumtoka wakati huo. Lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi hutangulia kuondoka, ile ya utotoni ikabaki. Lakini mnavu aliujua, na jina lake la kwanza akalijua.

Tangu siku hiyo tuliiacha bustani yetu tukalima yake. Mwanamke mmoja anayeuza mboga Kibuye alituuzia mbegu za mgagani, ambao wengine huuita mwangani, nazo Wajaluo huuita dek; mbegu za mlenda, wao wasema apoth; na kunde, ambazo majani yake ni boo. Mchicha hatukuununua, mchicha huja wenyewe. Kila tulipomletea mama mche aliutaja jina. Wiki hizo alikuwa hatutaji sisi. Alimwita ahali yetu kwa jina la dada yake aliyefariki, na wajukuu wote aliwaita kwa jina moja.

Mboga hizi zina kisa chao. Watu wengi wa rika letu walikua wakiambiwa ni chakula cha maskini, na sukuma wiki na kabeji vikazisukuma pembeni mwa meza. Aliyefanya kazi kubwa ya kuzirudishia heshima ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtaalamu wa kilimo wa hapa Kenya, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno, karibu na Kisumu. Mwenyewe amesimulia kwamba utotoni mwili wake ulikataa vyakula vya nyama na samaki, akakuzwa kwa mboga za kienyeji. Alizichunguza kwa miaka mingi, mbegu zake na virutubisho vyake, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukamtunuku kwa kazi yake ya sayansi. Mama hajawahi kumsikia. Lakini tulipomwambia kwamba kuna mwanamke msomi aliyepewa tuzo kwa ajili ya osuga na dek, alicheka kwa muda mrefu.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, tueleze tulivyofanya. Matuta tuliyaacha. Mama alikuwa akiinama anapata kizunguzungu, na mvua za masika za mwaka 2024, ziwa lilipofurika tena kama lilivyofurika mwaka 2020, zilituachia dimbwi mahali pa bustani. Tunatumia magunia. Gunia la kilo 90 hujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na katikati huachwa nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu ili maji yafike kote. Nguzo hiyo hujengwa kwa kopo lililotobolewa pande zote mbili: hujazwa kokoto, udongo ukawekwa kuzunguka, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena. Ubavuni mwa gunia hutobolewa matundu ya kupandia miche. Gunia lililosimama hufika kiunoni mwa mama, akachuma bila ya kuinama, na kama miguu inamwuma huchuma akiwa kitini. Mchicha huchumwa kwa muda wa wiki tatu au nne tangu kupandwa mbegu. Mgagani ukianza kutoa maua, maua hukatwa ili majani yaendelee. Mbegu za mlenda ni ngumu kuamka. Zitiwe katika kitambaa na kutumbukizwa kwenye maji ya moto kwa sekunde chache kabla ya kupandwa. Hili la mlenda hatukulisoma popote. Tulimwona mama akitafuta birika.

Vidukari tunavifukuza kwa majivu. Dawa ya sumu haiingii katika ua wetu, kwa sababu mgonjwa wa namna hii huweza kunywa chochote kilicho ndani ya chupa. Kwa sababu iyo hiyo tuliung'oa mbarika uliokuwa ukutani, maana mbegu zake ni sumu kali na zinapendeza machoni. Panga na jembe hufungiwa stoo. Lango lina komeo la juu, mahali asipotazama. Jirani yetu mmoja wa Dunga alipotusikia tukizungumza habari za usalama wa bustani, alicheka akasema yeye adui yake ni kiboko anayetoka majini usiku na kumaliza tuta zima kwa kinywa kimoja. Kwa hilo hatuna ushauri.

Saa yetu ni baada ya alasiri. Ndiyo saa ambayo fadhaa humpanda, na hata madaktari wanajua kwamba wagonjwa wengi wa maradhi haya huchafukwa jua likikaribia kutua. Zamani ilikuwa saa ya kupigania lango. Sasa tunampa kopo dogo, kwa kuwa kubwa likijaa humshinda, anamwagilia. Gunia moja huenda akalimwagilia mara tano, nasi hatumwambii kwamba tayari amelimwagilia; hilo gunia tumelipanda mboga ya kustahimili maji. Kisha anachuma, kisha anaketi na ungo wake anachambua majani. Hapa vidole vyake havikosei. Hutenga bua na jani, hutupa lililoliwa na mdudu, hufanya haraka kuliko binti yetu. Tumeelezwa kwamba kumbukumbu za mikono hukaa mahali pengine katika ubongo kuliko kumbukumbu za majina na tarehe, na mahali hapo maradhi hukawia kufika. Akimaliza, mboga hupikwa kwa maziwa kama wanavyopika kwao, maana maziwa hukata uchungu wa mnavu, au kwa nazi kama alivyopenda baba. Mama hula zote mbili.

Tusieleweke kwamba bustani ni tiba. Siku nyingine hataki kutoka. Siku nyingine hutukana, matusi ambayo hatukujua anayajua. Mwaka jana alibadilika ghafla kwa siku mbili, akawa hajui hata kijiko, nasi tukadhani ndiyo hatua mpya ya maradhi. Kumbe ilikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, na alipopewa dawa akarudi alipokuwa. Mabadiliko ya ghafla yapelekwe hospitali. Na maji ya kunywa asipewe yeye kuyakumbuka, apewe mkononi.

Kuna masuala ya ibada ambayo wanawake hutuuliza kwa aibu, na tumeahidi kuyajibu hapa. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo yaeleza kwamba kalamu imenyanyuliwa kwa watatu, na mmoja wao ni aliyepotewa na akili. Mzee aliyefikia kutoijua sala hana sala inayomlazimu, wala hana ya kulipa kwa siku hizo. Kufunga hakumlazimu, wala watoto wake hawalazimiki kulisha maskini kwa ajili yake. Kulisha ni kwa mzee ambaye akili yake ni timamu lakini mwili umeshindwa. Nyakati ambazo akili humrudia ni nyakati za wajibu, nazo asaidiwe kwa upole. Mama akisimama kusali dhuhuri mara nne, tunamwacha. Akisujudu akakaa huko, tunamsubiri. Ama mali yake, ndugu wasimletee karatasi ya kiwanja atie kidole. Sahihi ya mtu asiyejua anachotia sahihi si hiba, na anayeichukua anachukua moto.

Tumebakiza jambo moja.

Mama hatujui. Tangu mwaka jana, anapotuona na jembe, anatujua kuwa ni kijana wa shamba aliyeajiriwa. Hutuahidi ujira wetu Jumamosi. Hutusifu tukijaza gunia vizuri. Jioni moja, anachambua mnavu, alituambia kwa Kijaluo, na mwanzo ilitubidi tusikilize kwa makini, kwamba yeye ana mtoto wa kiume, mtoto mkubwa, sheikh, watu wanamjua mji mzima. Tukasema, mashaallah. Akasema ndiyo, lakini haji. Ana kazi nyingi za watu. Hupita tu mlangoni na kanzu yake.

Tulitaka kumwambia ni sisi. Tulikwisha jifunza kwamba kumsahihisha ni kumtia hofu bure, basi tukamuuliza angependa mwanawe huyo akija afanye nini. Akafikiri. Akasema hakuna, aketi tu, na kama hana kazi amsaidie kuchambua. Tukavuta kigoda, tukatia mkono katika ungo. Alitutazama tunavyochuma jani pamoja na bua, akatupiga kidogo kwenye vidole, akatuonyesha tena.

Tunaandika haya siku ya Jumatano, alasiri imekwisha saliwa. Tulikusudia kuongeza maelezo ya kuhifadhi mbegu za kunde, lakini yatangoja juma lijalo inshaallah. Mama amesimama mlangoni na ungo wake, anamuuliza ahali yetu kama kijana wa shamba amekwisha kuja.